Saa 72, na Miaka Inayofuata

Kama umeanza kusoma mwongozo huu kwa sababu ya jambo lililotokea jana au juzi, kondomu imepasuka, umebakwa, umejichoma na sindano kazini, au umelala na mtu ambaye hali yake huijui, usiendelee kusoma. Nenda hospitali ya wilaya, au kituo chochote cha afya chenye kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo Tanzania tunaiita CTC na Kenya wanaiita CCC, ukaombe PEP. Hizo ni dawa za jamii ileile ya ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, humezwa kwa siku 28 na mtu ambaye pengine virusi vimeshamwingia lakini bado havijajikita. Zikipita saa 72 hazitolewi tena kwa sababu hazisaidii, na hata ndani ya saa hizo anayewahi asubuhi ana nafasi nzuri kuliko anayesubiri jioni.

Huna haja ya kusimulia kisa chote dirishani mbele ya foleni. Sema umefuata PEP. Mengine utayaeleza ndani. Utapimwa kwanza, kwa kuwa aliyekwisha kuwa na virusi anahitaji tiba kamili, siyo ya siku 28. Kama umebakwa, usioge na usifue nguo ulizokuwa umevaa kabla daktari hajakuona, na nenda hospitali hata kama hujapita polisi kuchukua fomu ya PF3. Fomu itafuatwa baadaye, dawa haisubiri. Omba pia kidonge cha dharura cha kuzuia mimba na kinga ya magonjwa mengine ya zinaa. Na ukianza dozi, imalize: wengi huachia wiki ya pili, kichefuchefu kimewachosha na hofu imeshapoa.

Wengine wote, twende taratibu.

Picha iliyobaki vichwani

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Dawa za bure za kufubaza virusi zilianza kutolewa nchini mwaka 2004. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miongo miwili ya misiba, na ndiko tulikookota tunachodhani tunakijua: mtu aliyekonda hadi mifupa, nywele zimelegea, midomo imebabuka. Picha ile ilikuwa ya kweli wakati wake. Leo inatudanganya, kwa sababu inamfanya mwenye afya yake ajione salama, na inamfanya aliyepimwa jana aanze kuandika wosia.

VVU ni virusi. UKIMWI ni hali ambayo mwili huifikia virusi hivyo vikiachwa vile chembe za kinga, hasa zile zinazoitwa CD4, mpaka magonjwa nyemelezi yapate nafasi. Bila dawa, mtu mzima huchukua kwa kawaida miaka 8 hadi 10 kufika huko, na muda mwingi kati ya hiyo hupendeza, hunenepa, hucheza mpira. Huwezi kumjua kwa macho. Kwa dawa, anaweza asifike kabisa.

Virusi hupita kwa vitu vichache tu: damu, shahawa na majimaji yanayoitangulia, majimaji ya ukeni, majimaji ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Mate, jasho, machozi na mkojo havimo. Kwa hiyo kijiko, choo, kitanda, bwawa la kuogelea na kumbatio havimo. Mbu naye hayumo: virusi hivi haviishi wala kuzaliana ndani yake, na anapouma huingiza mate yake, siyo damu ya aliyemnyonya kabla yako. Ingekuwa mbu anaambukiza, watoto wa shule ya msingi, ambao malaria haiwaachi, ndio wangeongoza kwa VVU, na sivyo ilivyo.

Sehemu kubwa ya maambukizi hutokana na kujamiiana bila kinga. Tendo la nyuma ni hatari zaidi kuliko la mbele, kwa anayefanyiwa, kwa sababu utando wa huko ni mwepesi na huchanika upesi. Hili linawahusu wanawake pia, wakiwamo wale wanaolikubali kwa kuamini kwamba huko hakuna mimba wala ugonjwa. Kidonda cha kaswende au kisonono kisichotibiwa hurahisisha njia. Na kipindi cha hatari kuliko vyote ni wiki chache baada ya mtu kuambukizwa, virusi vikiwa vingi mno kwenye damu na yeye mwenyewe akidhani ana mafua tu.

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, na Njombe ikaongoza kwa asilimia 12.7. Takwimu hizi zinawafaa wapangaji wa bajeti. Kuhusu mtu mmoja unayelala naye hazikuambii kitu, awe wa Njombe au wa Kigoma.

Kipimo

Kipimo cha kawaida hutumia tone la damu ya kidoleni na majibu hutoka kabla hujamaliza kuzungumza na mshauri nasaha. Kipimo cha kwanza kikionyesha dalili ya virusi, hurudiwa kwa kipimo cha aina nyingine kabla hujaambiwa lolote la uhakika. Usikubali kupewa jibu la kuwa na VVU kwa kipimo kimoja.

Vipimo hivi havitafuti virusi vyenyewe. Hutafuta askari ambao mwili umewatengeneza kupambana navyo, na mwili huchukua muda kuwatengeneza. Ndiyo maana kuna kipindi cha upofu, ambamo mtu ana virusi tayari na kipimo kinasema hana. Ukipima wiki moja baada ya tukio, umepima maisha yako ya kabla ya tukio. Rudia baada ya miezi mitatu, na katikati hapo tumia kondomu.

Tangu sheria ya UKIMWI iliporekebishwa mwaka 2019, Mtanzania anaruhusiwa kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Kama unatumia kile kitepe cha JIPIME cha kinywani, nusu saa kabla usile, usinywe wala kupiga mswaki. Pitisha kijiti mara moja kwenye fizi za juu na mara moja za chini, kitumbukize kwenye kichupa, weka saa. Soma majibu kati ya dakika 20 na 40, siyo kabla na siyo kesho yake, maana kitepe kilichokaa sana huanza kuchora mistari ya uongo. Mistari miwili, hata wa pili ukiwa hafifu, maana yake nenda kituoni ukathibitishe. Mstari mmoja kwenye alama ya C unasema huna, kwa masharti ya ile miezi mitatu. Kama tayari unameza ARV, usijipime nacho: dawa zinaweza kuwapunguza wale askari, kitepe kikasema huna, na ukaamini umepona.

Kuna tabia moja ya wanaume wa kwetu inayostahili kukemewa. Mke anapimwa kliniki ya wajawazito, anarudi na majibu mazuri, na baba anatembea kifua mbele kana kwamba na yeye amepimwa. Hakupimwa. Wenzi wanaweza kuishi miaka mingi mmoja ana virusi na mwingine hana. Kliniki zimejaa wenzi wa namna hiyo. Majibu ya mkeo ni ya mkeo. Vivyo hivyo, mmoja akikutwa nao, si ushahidi wa nani aliuleta wala lini. Kipimo hakisomi tarehe.

Kujikinga

Kondomu bado ni kifaa cha bei ndogo kinachozuia VVU, mimba na magonjwa mengine kwa pamoja, ila ya mpira haipatani na mafuta. Mafuta ya mgando, ya nazi, losheni, vyote huilegeza ikapasuka. Tumia vilainishi vya maji. Kuvaa mbili kwa pamoja hakuongezi kinga, huongeza msuguano.

Tohara ya mwanaume hupunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Ndivyo yalivyoonyesha majaribio ya Kisumu, Rakai na Orange Farm ya Afrika Kusini. Asilimia 60 si 100, na kidonda kinahitaji wiki sita kupona kabla ya kukutana na mtu.

Halafu kuna PrEP, kidonge cha kila siku kwa mtu asiye na virusi ambaye mazingira yake yanamweka hatarini: mwenzi wake ana VVU ambavyo bado havijafubaa, mume ni dereva wa masafa marefu na hataki habari za kondomu, au biashara ya ngono ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Siku saba za kwanza zihesabu kama hujakingwa bado. PrEP haizuii mimba wala kisonono. Ukichoka na hatari imekwisha, unaacha, baada ya kuzungumza na mtoa huduma. Siyo ndoa ya maisha. Mwaka 2024 jaribio lililofanyika Uganda na Afrika Kusini lilionyesha kitu ambacho watafiti wenyewe hawakukitarajia: kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliochomwa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Uliza kituoni kwako kama imefika.

Na kinga kubwa ambayo bado haijasemwa vya kutosha kwenye mikutano ya vijiji ni dawa anazomeza mwenye virusi. Akimeza vizuri mpaka kipimo cha wingi wa virusi kisivione, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Utafiti uitwao PARTNER, uliotoa matokeo 2016, ulifuatilia jozi 888 za wenzi ambao mmoja ana VVU vilivyofubaa na mwingine hana. Walikutana bila kondomu mara 58,000 hivi. Maambukizi kutoka kwa mwenzi aliyefubaza: sifuri.

Kidonge, na mahali pa kukiweka

Ukithibitika una VVU, utaanzishiwa dawa, mara nyingi siku hiyohiyo au ndani ya wiki. Ule utaratibu wa kusubiri CD4 zishuke uliachwa zamani. Kama unakohoa, unatokwa jasho usiku au kichwa kinauma kwa namna isiyo ya kawaida, sema kabla ya kuanza, kwa sababu kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo hutibiwa kwa mpangilio wake, na kifua kikuu ndicho kinachowaua watu wenye VVU kuliko ugonjwa mwingine wowote.

Tangu 2019 watu wazima wengi Tanzania wanapewa TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Chagua saa utakayoweza kuitunza. Wengine hukosa usingizi wakimeza usiku. Hao wahamishie asubuhi. Wengi huongezeka uzito. Ukisahau, meza ukikumbuka, na siku inayofuata rudi kwenye saa yako. Usimeze viwili kwa mpigo.

Jambo ambalo watu hawaulizi na halisemwi vya kutosha: dolutegravir haipatani na dawa za kupunguza asidi tumboni zenye magnesiamu au alumini, zile za kutafuna. Hukamatana tumboni, dawa ikapita bila kuingia kwenye damu. Meza TLD saa mbili kabla ya dawa ya tumbo au saa sita baada yake. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo kila mjamzito hupewa, na vya kalsiamu, vinaweza kuandamana na TLD ikiwa tu unavimeza pamoja na chakula. Ukianza dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, dozi ya dolutegravir huongezwa iwe asubuhi na jioni. Ukiwa na kisukari na unatumia metformin, sema. Kwa ufupi, kila anayekuandikia dawa, hata ya duka la mtaani, ajue unameza nini.

Baada ya miezi sita utapimwa wingi wa virusi, kisha miezi 12, kisha kila mwaka. Hiki ndicho cheti chako. CD4 ni habari ya pembeni. Dai majibu yako. Kliniki zina foleni ndefu, na karatasi ya majibu huweza kukaa kwenye faili miezi bila mtu kukuambia. Ikiwa virusi vimefubaa, utaweza kupewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja. Vikiwa bado vingi, mara nyingi sababu ni dozi zilizorukwa, siyo dawa mbovu, na muuguzi hawezi kukusaidia kama umemwambia hujawahi kuruka.

Kwa nini watu huruka? Wachache husahau. Wengi hujificha. Dada amehamia kwa wifi zake na hana pa kumezea. Kijana wa bweni anaogopa kopo likitikisika litatoa sauti. Mama wa Mbagala anakwenda kliniki ya Bagamoyo ili asionekane, na mwezi ambao nauli haipo, kliniki inampita. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na msemo huo umetumika mno kuwasukuma watu wajitangaze. Mimi nasema tofauti: jirani mfiche, bosi mfiche, shoga yako wa saluni mfiche ukitaka. Daktari na unayelala naye usiwafiche. Huyu wa pili hata sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakutaka umwambie. Kama unahofia kupigwa au kufukuzwa, mwombe mshauri nasaha awaite wote wawili na mpime upya pamoja, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Kwa hao wengine, siri ipangiwe mbinu. Weka pamba ndani ya kopo lisitoe sauti. Bandua karatasi ya nje, lakini vidonge vibaki kwenye kopo lake, kwa sababu unyevu huviharibu. Beba vichache tu vya siku mbili mkobani. Kama foleni ya CTC inakutisha, uliza kama kuna siku ya jioni au kikundi kinachochukua dawa kwa zamu. Chagua kliniki ambayo nauli yake unaimudu hata mwezi mbaya. Kuonekana na jirani mara moja hakuna madhara ya kulingana na kukosa dawa mwezi mzima.

Mwaka 2011 misafara ya magari ilielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Baadhi ya waliokunywa waliacha ARV. Sitaki kuwacheka, aliyechoka na kidonge cha kila siku husikia neno kupona kwa masikio mawili. Ila virusi hujificha ndani ya chembe za mwili, na dawa ikikatika huamka ndani ya wiki chache. Ombewa, nywa mitishamba kama daktari ameijua, lakini kidonge kisikatike. Ukiona umeacha, rudi. Mtoro wa dawa hupokelewa, hata kama siku ya kwanza atakutana na muuguzi mwenye maneno makali.

Wanawake wenye VVU, daini pia kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi. Hatari yake kwenu ni takriban mara sita ya wasio na VVU.

Mtoto

Bila hatua yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akiwa kwenye dawa, hushuka chini ya watano. Mtoto hupewa nevirapine tangu kuzaliwa, hunyonyeshwa maziwa ya mama pekee miezi sita, kisha huendelea kunyonya pamoja na vyakula vingine huku mama akimeza dawa zake. Kuchanganya maziwa na uji wa mapema ndilo kosa la mabibi na mama wakwe. Akifikisha wiki nne hadi sita mtoto huchukuliwa tone la damu la kisigino kwa kipimo cha DNA. Kile cha kawaida hakimfai kabla ya miezi 18, kwa sababu huona askari aliowarithi kwa mama. Mkikutana na mama kinara kliniki, yaani mama mwenye VVU aliyekwisha kuyapitia haya, kaeni naye. Anajua yasiyoandikwa kwenye bango.

Kazi na safari

Mwajiri wa Tanzania haruhusiwi kukulazimisha kupima ili akupe kazi. Ukisafiri ndani ya nchi, beba kadi ya CTC: dawa zikiisha, kituo kingine kitakupa za kukusogeza. Ukihama, omba barua ya uhamisho kabla ya kuondoka, siyo baada ya kufika.

Nchi za Ghuba ni habari nyingine. Oman, Saudi Arabia na jirani zao humpima kila anayekwenda kufanya kazi, na anayekutwa na VVU hunyimwa kibali na kurudishwa. Wasichana wengi wa Tanzania na Kenya huligundua hilo wakati shamba la mama limeshauzwa kumlipa wakala. Wengine hugundua wakiwa huko, wakaacha dawa kwa kuogopa kupekuliwa sanduku. Kwa hiyo pima hapa, kituo cha jirani, bure, kabla hujampa wakala hata senti. Na kama una VVU, tafuta kazi mahali ambapo kliniki yako inafikika.